Ghala na Mbegu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walipolitamka neno hili hapakuwa na kompyuta duniani, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuwaza kwamba siku moja daftari lenyewe litakuwa sahani ya duara izungukayo ndani ya kasha lenye ukubwa wa kiganja. Hata hivyo maana ya methali haikuchakaa. Kilichobadilika ni daftari; hatari ya kupotelewa ipo pale pale.

Katika nchi yetu ya Ndhiwa kila boma la zamani lilikuwa na ghala, ambalo kwa Kijaluo huitwa dero. Ndani yake chakula cha mwaka kiliwekwa. Lakini mama mwenye busara hakuiacha mbegu ya mwaka ujao humo ghalani. Alichagua masuke yaliyokuwa bora, akayafunga pamoja, akayatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Ghala likiungua, chakula kilipotea na njaa iliingia. Lakini mvua iliponyesha shamba lilipandwa, kwa kuwa mbegu ilikuwa mahali pengine. Mama huyu alijua jambo ambalo watu wengi wenye elimu hawalijui leo. Alijua kwamba kuweka kitu ni kazi moja, na kukiwekea akiba ni kazi nyingine.

Insha hii ni habari ya kazi hizo mbili, tangu mawe ya babu zetu hadi diski ngumu ya kubebeka, ambayo leo inakaa mezani katika ofisi, shule na zahanati zetu. Nitaeleza jinsi watu walivyohifadhi habari zao, jinsi walivyopotelewa, na jinsi mimi mwenyewe nilivyopotelewa. Sina nia ya kumtia hofu msomaji kijana. Nia yangu ni kwamba ajifunze kwa hasara ya wengine, kwa maana masomo ya namna hiyo yana ada ndogo.

Tuanze karibu na nyumbani. Upande wa kusini wa Ndhiwa, katika kaunti ya Migori, ipo ngome ya mawe iitwayo Thimlich Ohinga. Wataalamu hukisia kwamba ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi mita 4.5, na mawe yake yamepangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikamanisha. Mjenzi alipanga mawe ya upande wa nje na mawe ya upande wa ndani, kisha akajaza mawe madogo katikati, yakawa ndiyo yanayozifunga pande zote mbili. Ukuta mmoja ulishikwa na mipango mitatu, na kwa sababu hiyo haukuanguka. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika ngome hii katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe hayo yametutunzia umbo la maisha ya kale: malango, mazizi na nafasi za nyumba. Lakini jiwe hutunza umbo tu, halitunzi neno. Halituambii jina la aliyelinyanyua, wala ugomvi uliomfanya ajenge.

Maneno yalitunzwa vichwani. Jioni wanaume walikaa katika duol, nyumba ya mwenye boma, na watoto walikaa kwa bibi katika siwindhe, wakasikiliza habari za koo, za vita na za watu mashuhuri. Hapa Kanyamwa, katika Ndhiwa yetu, mtu aliyesimuliwa kuliko wote ni Gor Mahia, mganga na kiongozi aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye jina lake lilipewa klabu ya mpira ya Nairobi iliyoundwa mwaka 1968. Kila mjukuu aliyesikiliza masimulizi yake alikuwa nakala moja. Mzee mmoja alipofariki, nakala nyingine kumi zilibaki kijijini. Huo ulikuwa mpango wa akiba, na ulifanya kazi kwa karne nyingi. Kasoro yake ni kwamba nakala ya kichwani hubadilika. Huyu huongeza, yule husahau, na wa tatu hupamba. Ndiyo maana ukiwauliza wazee wawili habari moja ya Gor Mahia, huenda ukaondoka na habari mbili.

Watu wa pwani walikuwa na maandishi mapema kuliko sisi, lakini maandishi nayo yana adui zake. Wafalme wa Pate, wa ukoo wa Nabahani, walikuwa na kitabu cha tarehe za enzi yao. Walipoondoka Pate wakaweka makao yao Witu, kitabu hicho, kwa jinsi inavyosimuliwa, kilikuwa pamoja nao. Mwezi wa Oktoba mwaka 1890 majeshi ya Uingereza yaliushambulia mji wa Witu wakati wa Sultani Fumo Bakari, na mji ukateketezwa kwa moto. Husemwa kwamba kitabu kiliteketea humo. Tarehe ya Pate tunayoisoma leo ilitoka kinywani mwa mtu mmoja wa ukoo huo, aitwaye Bwana Kitini, aliyewasimulia waandishi kwa nyakati mbalimbali. Nakala zilizotokana na masimulizi yake hazipatani katika kila jambo, na wanahistoria wamekuwa wakizilinganisha kwa zaidi ya miaka mia moja. Tushukuru kwamba alikuwapo. Lau Bwana Kitini naye angaliangamia katika moto ule, enzi nzima ya watu ingalibaki majina machache juu ya makaburi.

Hapo mwanafunzi atambue jambo. Kitabu cha Pate kilihifadhiwa vema: kilikuwa katika nyumba ya mfalme, chini ya ulinzi wa askari. Kilichokosekana hakikuwa ulinzi. Kilichokosekana ni kitabu cha pili.

Uchapaji ulileta dawa ya ugonjwa huu, maana mtambo wa kuchapa hauwezi kutoa kitabu kimoja tu. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo katika nchi ambayo leo ni kaunti yetu ya Homa Bay, alitoa kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi. Mambo ambayo yalikuwa katika vichwa vya wazee yakaingia katika vitabu, na vitabu vikaingia katika nyumba nyingi. Mwaka 1967 Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka 2025, alitoa kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa Kusini, alichokiandika baada ya kukusanya masimulizi ya wazee koo kwa koo. Wazee wale wamekwisha kuzikwa, lakini maneno yao yamo katika maktaba za Kisumu, Nairobi, London na kwingineko. Moto ukiunguza maktaba moja, nyingine itacheka.

Serikali ya kikoloni nayo, pamoja na ubaya wake, ilifuata kanuni ya nakala kwa faida ya utawala wake. Nchi ya Ndhiwa ilitawaliwa kutoka Kisii, makao ya wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, na baadaye Nyanza Kusini. Karani wa wilaya aliweka karatasi ya kaboni kati ya karatasi nyeupe, akapiga chapa taarifa moja, akatoa nakala kadhaa kwa mkupuo mmoja. Nakala moja ilibaki katika kabati la wilaya, nyingine ilikwenda Kisumu kwa mkuu wa jimbo, na nyingine ilipelekwa Nairobi. Mwaka 1939 moto uliziunguza ofisi kuu za serikali huko Nairobi, na majalada mengi yakawa majivu. Lakini taarifa zilizokuwa na ndugu zao wilayani na majimboni hazikufa. Karani aliyekereka kwa kupakwa wino wa kaboni vidoleni hakujua kwamba alikuwa akiwafanyia kazi wanahistoria wasiozaliwa bado.

Baada ya uhuru, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliundwa kwa sheria mwaka 1965, na majalada ya wilaya yakakusanywa Nairobi. Katika miaka hiyo mengi yalipigwa picha katika maikrofilamu, yaani ukanda mwembamba wa filamu ambao kurasa huonekana ndani yake kwa kioo cha kukuza, na nakala zikapelekwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani. Si jambo la kupendeza kwamba Mkenya asafiri bahari ili asome habari ya kijiji chake. Lakini kwa upande wa usalama, bahari ni ukuta mzuri, kwa kuwa moto mmoja hauwezi kuunguza Nairobi na New York kwa pamoja.

Yapo pia majalada ambayo hayakuachwa na nakala, tena kwa makusudi. Wakoloni walipokuwa wakifunga mizigo yao, walichoma baadhi ya nyaraka za siri na nyingine wakazisafirisha kwao. Mwaka 2011, wakati wazee waliokuwa wapiganaji na wafungwa wa enzi ya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilibainika kwamba faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37 zilikuwa zimefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Nyaraka hizo ziliwasaidia wazee katika madai yao. Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya watu 5,228. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba kutunza karatasi ni kazi ya makarani wasio na la kufanya. Karatasi iliyofichwa inaweza kumnyima mzee haki yake kwa miaka hamsini, na karatasi iliyoonekana inaweza kumrudishia.

Sasa tuje katika chombo cha zama zetu. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyoitwa RAMAC, ambayo ndiyo ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Iliundwa mjini San Jose, California, na mafundi walioongozwa na Reynold Johnson, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule ya sekondari kabla ya kuingia katika kampuni hiyo, na aliyekwisha kubuni mashine ya kusahihisha mitihani. Ghala lake la habari lilikuwa na sahani 50 za alumini, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61, zimepangwa juu ya mti mmoja kama chapati katika mnara. Lilikuwa na uzito wa tani moja hivi, na liliweza kuweka herufi milioni 5, yaani vitabu vichache tu vya kawaida.

Jinsi linavyofanya kazi si vigumu kueleza. Sahani hupakwa tabaka jembamba la kitu kinachoshika nguvu ya sumaku. Juu yake huelea kichwa kidogo, kama sindano ya gramafoni ya zamani, ila hakiigusi sahani. Kichwa hicho hugeuza vipande vidogo mno vya sahani, hiki kielekee huku na kile kielekee kule, na kwa kusoma mielekeo hiyo kompyuta hupata tarakimu, na kwa tarakimu hupata herufi, picha na sauti. Katika diski za leo sahani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. 5,400 ni mwendo wa kawaida katika diski za kubebeka. Kichwa huelea juu ya hewa kwa nafasi iliyo ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Vumbi lililo dogo kwa macho yetu ni mlima kwa kichwa hicho.

Tangu siku hizo chombo kimekuwa kikipungua umbo na kuongezeka uwezo. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski iliyotosha ndani ya kompyuta ndogo ya mezani, nayo iliweka herufi milioni 5, sawa na ile ya tani moja. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua jinsi tabaka nyembamba za metali zinavyoitikia sumaku kwa nguvu nyingi. Ugunduzi huo ulivifanya vichwa vya diski visome alama ndogo zaidi, na mwaka 2007 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Katika mwaka 1996 ukatolewa utaratibu wa waya wa USB, ambao hupitisha habari na umeme kwa pamoja. Utaratibu huo uliirahisishia diski kutoka ndani ya kompyuta, ikaingia mfukoni. Diski ya terabaiti moja huweka herufi trilioni 1. Ukitaka kulingana nayo kwa mashine za mwaka 1956, itakubidi upange mashine 200,000.

Ndivyo kasha hili lilivyofika Ndhiwa. Mwalimu huweka humo alama za mitihani, mchungaji huweka orodha ya waumini, mpiga picha wa harusi huweka kazi ya miaka yake yote, na msimamizi wa chama cha wakulima wa miwa huweka hesabu za wanachama. Ni chombo chema. Hakihitaji intaneti, hakidai malipo ya kila mwezi, nacho hubebwa katika mkoba. Lakini wema wake ndio uliotudanganya, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 2017 chama cha historia cha shule niliyofundisha kilianza kuwatembelea wazee wa Kanyamwa. Wanafunzi waliwauliza habari za koo, za njaa za zamani, na za kujengwa kwa shule za kwanza, wakazinasa sauti zao kwa simu. Tuliwasikiliza wazee 11. Simu zilipojaa, nilinunua diski ngumu ya kubebeka, nikahamisha sauti zote humo, kisha nikawaambia wanafunzi wazifute katika simu zao ili wapate nafasi. Niliandika jina la chama juu ya kasha, nikalifungia kabatini, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Nilidhani nimeziwekea sauti akiba. Kumbe nilikuwa nimezihamisha tu. Nilikuwa nimetoa masuke juu ya meko, nikayatia ghalani pamoja na chakula.

Siku moja katika mwaka 2019 diski ilikuwa mezani ikifanya kazi, na mtu akajikwaa katika waya wake. Ilianguka sakafuni kutoka kimo kisichofika mita moja. Nilipoiunganisha tena ilitoa mlio mdogo, tik, tik, tik, kama saa mbovu. Fundi niliyempelekea alisema kwamba kichwa kilikuwa kimekwaruza sahani, na kwamba zipo karakana za ng'ambo zinazoweza kujaribu kuokoa kitu, kwa gharama ambayo shule yetu haikuweza hata kuizungumza. Wakati huo wazee wanne kati ya wale 11 walikuwa wamefariki.

Mwaka uliofuata mtoto wa mmoja wao alifika shuleni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Nilimkaribisha kitini.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kuichukua sauti ya mzee. Tunafanya ukumbusho wake, na wajukuu wengine hawakumwona. Nasikia mlimweka ndani ya mashine."

Nilimweleza yaliyotokea, jaduong' huyo akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha nilimtolea daftari la mwanafunzi mmoja, mtoto mtiifu aliyeandika kwa kalamu kila alichokisikia siku ile, nikamsomea kurasa nne. Zilikuwa kurasa nzuri. Majina ya mababu yalikuwamo, na mwaka wa njaa ulikuwamo. Nilipomaliza alinyamaza kwa kitambo.

"Na pale alipocheka," akauliza, "hamkuandika?"

Sikuwa na jibu. Nilimnakilia zile kurasa kwa mkono wangu, akaenda nazo.

Tangu siku hiyo nimechunguza sababu za kuharibika kwa diski, nami naziweka hapa zisaidie wengine. Ya kwanza ni kuanguka au kutikiswa inapozunguka. Ya pili ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, jambo tulijualo vema wakati wa radi za Nyanza. Ya tatu ni joto, vumbi na unyevu. Ya nne ni uzee, kwa maana chombo chenye kuzunguka lazima kichakae. Mtu mwangalifu huibadilisha diski yake baada ya miaka mitatu hadi mitano ya kazi, bila kungoja ilie. Ya tano ni mwizi. Ya sita ni mwenye mali mwenyewe, anayefuta kitu kwa haraka kisha akakitafuta. Zipo diski za namna mpya zisizo na sahani, nazo hustahimili kuanguka. Lakini haziponi na mwizi, moto wala mkono wa haraka, na zikikaa miaka mingi bila umeme zinaweza kusahau zilichobeba.

Ya saba ni programu za wahalifu. Mwezi wa Mei mwaka 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Programu ya namna hii haifungi kompyuta peke yake, bali pia diski yoyote iliyounganishwa nayo wakati huo. Kwa hiyo diski ya akiba inayokaa imechomekwa mchana na usiku ni mlinzi aliyelala mlango mmoja na mwizi. Inakili, ichomoe, iweke kando.

Ajabu ni kwamba hata watengenezaji wa vyombo hivi walipata somo hilo hilo. Viwanda vingi vya diski ngumu vilikuwa vimekusanyika Thailand. Mwaka 2011 mafuriko makubwa yaliingia katika viwanda hivyo, na bei ya diski ikapanda duniani kote. Waliouza akiba kwa walimwengu walikuwa wameweka viwanda vyao katika bonde moja.

Basi kanuni ni ipi? Ipo kanuni fupi iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo huandikwa kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu; nakala hizo ziwe katika vyombo vya namna mbili; na nakala moja iwe mbali na nyingine. Kwa shule ya Ndhiwa jambo hili si ndoto. Nakala ya kwanza ibaki ndani ya kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya kubebeka iliyofungiwa kabatini. Ya tatu ikae kwa mtu mwaminifu Homa Bay au Kisumu, au ipelekwe kwa njia ya intaneti katika ghala la kampuni za mbali. Lakini asiwepo mtu wa kuitegemea njia hiyo peke yake. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009 zilituletea heri nyingi, hata hivyo tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na watu wa Kenya, Tanzania na jirani zao wakakaa siku kadhaa na intaneti dhaifu. Siku hiyo aliyekuwa na diski kabatini aliendelea na kazi.

Kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, nakala isiyojaribiwa si nakala. Mbegu hupimwa kwa kuoteshwa. Diski hupimwa kwa kufunguliwa. Kila muhula fungua faili chache, usikilize, usome, uandike tarehe juu ya kasha. La pili, nakala zikiongezeka, siri nazo huongezeka miguu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na alama za mtoto au hali ya afya ya mgonjwa si habari za kuokotwa sokoni ndani ya diski iliyoibiwa. Diski zenye habari za namna hiyo zifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lijulikane kwa zaidi ya mtu mmoja, lisije likazikwa pamoja na mwenyewe.

Tangu mawe ya Thimlich Ohinga hadi diski ya mfukoni, watu wamebadili chombo mara nyingi. Kitabu cha Pate kilikuwa kimoja, kikaungua. Taarifa za Kisii zilikuwa tatu, zikaishi. Sauti za wazee wangu zilikuwa katika kasha moja, nami najua zilikokwenda. Chombo kiwe jiwe, karatasi, filamu au sumaku, kanuni haijabadilika: kilicho kimoja tayari kimeanza kupotea.

Wazee saba waliokuwa hai tuliwarudia, nao walikubali kusimulia tena, ingawa mmoja alituuliza kama safari hii mashine ni nzima. Sauti zao sasa ziko mahali patatu. Mwisho wa kila muhula mwanafunzi mmoja hufungua nakala zote mbele ya wenzake, na mwingine hubeba diski moja mkobani kwenda Kisumu, akarudi na ile ya muhula uliopita. Na katika madaftari yao, kando ya maneno ya mzee, nimewafundisha kuandika kwa mabano mahali alipokohoa, mahali alipoimba, na mahali alipocheka.